Ncha ya Wali na Mistari Minne

Jumatatu, 4 Agosti

Galih mwizi. Naandika tena nilione vizuri: Galih mwizi!

Leo tumefunguliwa ukurasa wa toleo jipya la Anyam, tuusome kabla ya wateja. Kiunzi chetu wenyewe cha programu, ambacho nusu ya tovuti za huku zimejengwa juu yake. Kipengele cha kwanza, juu kabisa, kwa herufi kubwa: fomu zisizopoteza neno. Unajaza, mtandao unakatika, uliyoandika yote yanabaki kwenye kompyuta yakingoja mtandao urudi. Fomu zangu! Wazo langu, tangu siku mama alipojaza fomu ya mbolea ya ruzuku, ikafutika, akajaza tena, ikafutika tena, akakaa chini akalia. Nimezihangaikia tangu Ramadhani. Na chini yake pameandikwa nini? Galih Wiratmaja.

Kiongozi wa timu. Mtu wa Jakarta. Alichofanya ni kuipokea kazi yangu na kuiunganisha na za wengine. Basi!

Nilitaka kusema. Lakini sisi wa mji huu wa Yogya hatumpandishii mkubwa sauti mbele za watu — unatabasamu, moyoni unatokota. Nimetabasamu mpaka mashavu yameniuma.

Akapita na kahawa yake ya barafu, ananiita dada kwa heshima. Eti, "Mbona umenuna, Mbak Rengganis? Ngoja siku ya uzinduzi, utacheka mwenyewe." Na jicho akanikonyeza! Nitacheka. Wee, nitacheka tu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimempata!

Mtandao ulikuwa umekatika asubuhi nzima. Nikakaa kwenye kompyuta ya mapokezi, ile inayotumiwa na kila mtu, nikafungua fomu ya wafanyakazi ya kuomba ruhusa kazini, ili nijaribu toleo jipya. Kabla sijagusa herufi hata moja, fomu imejaa! Jina: Dibyo. Mlinzi wetu. Sababu: kuharisha, pilipili ya mke wangu.

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka.

Fomu haijui kumtofautisha mtu na mtu. Inatunza maneno ya aliyetangulia na kumwonyesha anayefuata. Kosa langu, sikatai — niliitengeneza kwenye kompyuta yangu, ambayo haiguswi na mtu mwingine. Sikuwafikiria watu wanaopanga foleni kwenye mashine moja.

Lakini jina lililo chini yake si langu. Au sivyo?

Kabla ya adhuhuri nilishapata dawa. Mistari minne tu ya msimbo. Nimeijaribu, Dibyo akapotea na tumbo lake. Sikuituma. Imelala kwenye mashine yangu, na ilale.

Ijumaa, 8 Agosti

Pak Hendarto, bosi wetu, ametangaza: uzinduzi ni Alhamisi, kabla bendera za sherehe za uhuru hazijamaliza kufungwa barabarani. Galih atapanda jukwaani. Wageni watamfuata mmoja mmoja kuzijaribu fomu kwenye kompyuta ileile moja, na mtandao utazimwa makusudi. Mmoja mmoja! Kompyuta moja! Nilitamani kupiga makofi.

Nimekaa mchana mzima namwona kichwani. Mkurugenzi fulani anajaza namba yake ya simu na ugonjwa wake wa kisukari, mwenzake anakaa na kuvisoma. Galih na ile shingo yake ndefu, jasho linamtiririka. Utamu!

Jioni akaja mezani kwangu, akainama. Eti, "Zile fomu, Mbak, kuna chochote nijue kabla ya Alhamisi?"

Aliniuliza wazi. Nimwandike haki yake, aliniuliza.

Nikamwita kaka kwa heshima: "Ziko salama kabisa, Mas." Sauti yangu laini, ya msichana wa tangazo la sabuni.

Akashukuru. Halafu akaniuliza kama mama bado ana namba ileile ya simu. Nikasema ndiyo. Anaitakia nini? Labda wanasafisha kumbukumbu za ofisi. Shauri yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Mambo yamebadilika.

Si jukwaani peke yake. Pak Hendarto anajisifu: zahanati moja itaanza kuzitumia fomu hizi hiyohiyo Alhamisi asubuhi, kwa wagonjwa wa kweli, ndiyo zawadi yetu kwao. Nikauliza zahanati gani. Ya kijijini kwetu! Kompyuta moja mlangoni, mgonjwa anajiandikisha mwenyewe: jina, umri, unaumwa nini. Na mtandao wa kule unakatika kila upepo ukilaza mianzi juu ya nyaya.

Nikaifungua ile mistari minne. Kidole kwenye kitufe. Kubonyeza tu.

Hapo hapo wakaingia watu wa bango. Bango refu kuliko mlango, limefunikwa karatasi, pembe moja imechanika. Nikachungulia: Mzazi wa fomu zisizopoteza neno. Nikataka kuvuta zaidi, Pak Hendarto akaruka kama kijana. "Usifunue! Mpaka Alhamisi."

Sihitaji kufunua. Namjua aliye chini ya karatasi: mikono kifuani, nywele zimepakwa mafuta. Mzazi! Haya, alee mwanawe.

Nimefunga kompyuta.

Jumatano, 13 Agosti

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma marekebisho. Sijatuma.

Nimepiga pasi batiki yangu ya kijani. Akianguka nataka niwe nimependeza.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika chooni. Mlango nimeufunga. Sahani iko mapajani.

Niseme kwa mpangilio.

Ukumbi umejaa. Katikati, mlima wa wali wa manjano, na kuku, na mayai, na tempe za soya. Kabla ya maonyesho, kwanza kukata wali. Pak Hendarto akashika kisu, akakata ncha, akaiweka kwenye sahani. Ncha anapewa mtu anayestahili heshima kuliko wote, kila mtu anajua. Akampa Galih. Nikasema moyoni, kula, mwizi, kula ushibe kabla ya aibu.

Galih hakula. Akashika kipaza sauti.

Eti, "Hii si yangu. Jina langu kwenye ule ukurasa lilijiandika lenyewe nilipounganisha kazi, nami nikaliacha makusudi ili mwenye kazi tumshtue leo. Asubuhi nimelibadilisha. Samahani, Mbak Rengganis. Umeninunia siku zote hizi, mpaka nikaogopa kunywa chai yako!"

Watu wakaangua kicheko. Karatasi ikavutwa. Kwenye bango — mimi! Uso wangu, mkubwa kuliko mlango. Na nyuma ya bango akatokea mama. Mama yangu, amevaa kebaya yake ya harusi, kitambaa kipya kichwani, analia na kucheka pamoja. Galih ndiye aliyempigia. Galih ndiye aliyemtumia gari.

Akanipa sahani kwa mikono miwili. Mama akaniambia sikioni, "Wamesema ni kwa sababu ya ile fomu yangu ya mbolea, mwanangu. Kweli?"

Simu ya Pak Hendarto ikalia. Bu Sutarmi, muuguzi mkuu wa zahanati. Pak akaweka sauti ya wazi, wote tusikie, akidhani ni pongezi.

Haikuwa pongezi. Mtandao wa kule umekatika tangu asubuhi. Wening, msichana wa kijijini kwetu, amejiandikisha: hajaolewa, mimba ya miezi minne, anaomba isijulikane. Akainuka. Aliyekaa baada yake ni mama mwenye duka, na yote yakamfungukia usoni. Akayasoma kwa sauti, akidhani ndiyo maelekezo. Foleni nzima imesikia. Wening amekimbia, hawajui aliko. "Na wengine bado wanajaza, tufanyeje?"

Wening! Anayemletea mama tempe kila asubuhi mpaka getini.

Pak Hendarto hakunifokea. Afadhali angefoka. Alininyooshea simu tu. "Mwenye kazi ndiye anayeijua. Ongea naye, binti yangu."

Nikasema wazime kompyuta, waandike kwenye karatasi. Kisha nikasema naumwa tumbo, nikakimbia na sahani mkononi.

Mistari minne. Naweza kutoka sasa hivi, nikakaa, nikaiandika upya mbele yao kana kwamba nimeibuni leo. Watashangaa wepesi wangu. Galih ndiye atakayeikagua, na najua atakachosema: huyu dada ana akili, nyie! Watanipigia makofi tena. Na Wening je?

Au niwaonyeshe ile iliyo kwenye mashine yangu, na tarehe yake. Jumatano ya wiki iliyopita. Mama akiwa amesimama pale.

Wali umepoa. Sijauonja.

Mlango unagongwa. Mama. "Rengganis, fungua mwanangu. Mas Galih anasema usiogope, kosa kama hili hakuna ambaye angeweza kulijua mapema. Anawaambia watu wote hivyo. Fungua —"