Hukungoja Kidole cha Mwamuzi

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka ukiwa kitandani mwako Mutuini, dirisha wazi, redio ikisoma habari za michezo. Tulidhani kufikia sasa tungekuwa na maneno mazuri ya kukuandikia. Hatuna. Watu wakituuliza tunaendeleaje tunajibu kwamba tuko salama, na kusema kweli hatujui tuko vipi. Mimi Debra, kifungua mimba wako, ndiye niliyeachiwa kazi hii ya kukuandikia gazetini, kwa sababu Mami alisema mkono wake ni mzito na Norman alikataa kabisa.

Tukwambie tu, maana hukupenda kufichwa mambo. Norman alisema jina lake lisiandikwe hapa chini pamoja na yetu. "Zii, Debra. Mimi usiniweke kwa hiyo gazeti," aliniambia kwa simu. "Daktari alikuwa bado anataka kujaribu, mzee akakataa. Alituacha akijua. Sasa nimkumbuke aje?" Nilikata simu nikaenda kuosha vyombo ambavyo Namalwa, anayetusaidia kazi za nyumbani, alikuwa ameshaviosha.

Mutuini walikujua kama Mjaluo aliyemwoa Mami, Mwihaki, akakubali mjukuu wake amwite Guka, yaani babu kwa Kikuyu. Mjini ulikuwa karani katika ofisi ya bima, mtu wa tai na soksi zilizopigwa pasi. Hukuwahi kumkaripia mjane aliyekuja na karatasi zisizokamilika. Ulimvutia kiti, ukamwagizia chai, kisha mkaanza upya pamoja.

Ila mwavuli wako ulikuumbua. Ukingoja kuvuka Barabara ya Moi uliushika kwa mikono miwili, mguu wa kushoto mbele, kichwa chini, ukausukuma taratibu kama unayepiga mpira ambao sisi hatuuoni. Wachuuzi wakakubandika jina la Kocha. Ukija kwangu Kileleshwa ulifanya vivyo hivyo kwa mwiko, na Namalwa alihamisha glasi. Mpaka leo huziweka rafu ya juu.

Kriketi uliikuta nyumbani. Baba yako alikuwa mkata nyasi wa klabu, nanyi mliishi vyumba vya wafanyakazi nyuma ya uwanja, ukajifunza kwa ubao wa kreti na mpira uliofungwa kwa raba za tyubu ya baiskeli. Sisi tulijifunza kwako. Mwaka ule Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, watoto wote wa Mutuini waliacha soka. Tulichora wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, kwa makaa kwenye ukuta wa choo cha kanisa, mke wa pasta akafuta, tukachora tena. Ulikuwa ukitoka kazini, unavua koti, unalitundika kwenye ua wa miti, unakuja kutusahihisha.

"Kwani unaua nyoka?" ulimwambia Norman alipokuwa akipiga kwa nguvu zake zote. "Mpira ni mgeni, kijana. Msindikize mpaka kwa geti."

Na uwanjani tulikuona ukisindikiza. Wengine walipiga kwa kishindo mpaka ndege wakaruka mitini. Wewe ulichelewa. Ulingoja mpaka tukadhani mpira umeshakupita, kisha mikono yako ikafanya kitu kidogo tu, na mpira ukateleza kwenye nyasi katikati ya watu wawili waliobaki wakitazamana. Mzee Odhiambo, shabiki wako aliyekuja kila mechi na kiti chake cha kukunja, bado anasema hajawahi kumwona mtu mwingine akipiga mpira bila kuusumbua. Tulikuwa watoto, na tulijua kwamba kilichokuwa mbele yetu ni kizuri. Hilo tunalikumbuka vizuri kuliko mazishi yako.

Halafu ile fainali ya vilabu, mwaka huo huo. Timu yenu ilibakisha mikimbio michache ishinde, na tegemeo lilikuwa wewe. Mpira ulipita karibu na gongo lako, mtu aliyekuwa nyuma ya wiketi akaudaka, na timu yao nzima ikapiga kelele. Kwa msomaji asiyeijua kriketi: mpira ukigusa gongo, hata kama ni kidogo vipi, kisha ukadakwa kabla ya kuanguka, mpigaji ametoka. Mwamuzi ndiye anayeinua kidole. Siku hiyo hakusikia chochote, akatikisa kichwa. Ungebaki, na hakuna ambaye angekulaumu. Wewe ulitia gongo kwapani ukaondoka.

Norman alikukimbilia hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja huku analia. "Si ref amesema hujatoka! Rudi, Baba, rudi!"

"Imegusa, Norman," ulimjibu. "Mimi nimesikia."

Mlishindwa. Kuanzia siku hiyo mashabiki wakawa na usemi wao, kwamba Ochola hangoji kidole. Ulicheka sana Norman alipokataa mandazi uliyomnunulia, akasema uyale wewe na huyo mwamuzi wako.

Ndiyo sababu, ugonjwa uliporudi, sisi tulijua kabla hujafungua mdomo. Daktari alieleza kwamba kuna dawa nyingine, kali zaidi, na kwamba yuko tayari kujaribu ingawa hawezi kuahidi. Ulimsikiliza mpaka mwisho. Ulimshukuru, ukauliza viatu vyako viko wapi. Norman akasema, "Baba, daktari hajasema imeisha." Ulimwekea mkono kichwani, mwanamume mzima mwenye ndevu, ukamwambia, "Najua. Lakini mimi nimesikia." Mami akachukua mfuko wako wa nguo, tukarudi nyumbani.

Ulitupatia msimu mmoja wa mvua. Ulikaa barazani na blanketi magotini, ukimwonyesha mjukuu wako Stacy namna ya kushika mwiko. Kisha tukakupeleka kwenu Ugenya, tukakuzika, tukarudi. Norman alibeba jeneza lakini hakutia udongo. Tulimwona, hakuna aliyemwuliza. Kwa mwaka mzima hajalitaja jina lako.

Jumamosi iliyopita wachezaji wenzako wa zamani walikuandalia mechi ya kumbukumbu. Dalmas, aliyekuwa mpigaji mwenzako uwanjani, ndiye aliyekuwa mwamuzi, kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena kucheza. Norman alikuja kwa sababu Mami alihitaji dereva. Hivyo ndivyo alivyosema. Timu ilipungukiwa mtu mmoja, wakaanza kuangaliana. Mami akaenda nyuma ya gari, akafungua buti, akatoa gongo lako akampa. Lilikuwa linanukia mafuta. Kumbe mwaka wote huu amekuwa akilipaka, jinsi ulivyokuwa ukifanya, na hatukujua.

Norman alianza vibaya. Aliua nyoka wengi. Halafu ukaja mpira mmoja akauacha ukakaribia, ukakaribia zaidi, mpaka nikafumba macho, na nilipofumbua ulikuwa unateleza kwenye nyasi katikati ya watu wawili. Mzee Odhiambo aliinuka kitini. Norman aliliangalia gongo kama kitu alichoazimwa.

Akaendelea kupiga, tukaona ameanza kuupenda mchezo. Ndipo mpira ukampita, ukadakwa, kelele zikapigwa. Dalmas akatikisa kichwa. "Hakuna kitu hapo. Endeleeni!"

Norman alisimama palepale. Alimwangalia Dalmas, akaangalia chini. Kisha akatia gongo kwapani akaanza kutoka.

"Wee Norman, rudi!" Dalmas akamwita. "Si nimesema hujatoka?"

Hakugeuka. Alikuja akaketi kando ya Mami, akaanza kufungua pedi za miguuni.

"Iligusa?" nikamwuliza.

"Kidogo tu. Hakuna mwingine angejua." Alihangaika na kamba ya pedi. "Hata sikufikiria, Debra. Nilijua tu. Ukishajua, huwezi kusimama hapo ukijifanya."

Mami alimmiminia chai. Norman aliishika mpaka ikapoa bila kuinywa, macho yake uwanjani, na sisi hatukumharakisha.

"Ile ya gazeti, umeshapeleka?" akauliza.

"Bado."

"Basi niweke."

Hatukulia, Baba, hata hapo. Labda machozi yatakuja mwakani, labda yatatujia barabarani tukingoja kuvuka. Kwa sasa tumeweka gongo lako nyuma ya mlango wa sebule, mahali mtu anaweza kulichukua.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mwihaki, binti yako Debra, mjukuu wako Stacy, anayeuliza Guka alienda wapi na mwiko, Namalwa, rafiki zako Dalmas na Mzee Odhiambo, na mwanao Norman, aliyeomba mwenyewe aandikwe.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakisha.