Mjusi Aliyetakiwa Kubeba Jina Lako

Mpendwa Baba Njeri,

Nimeketi kwenye veranda yetu hapa Ruiru tangu asubuhi, chai imepoa, na nimekwama. Kesho Kamande anataka jibu. Yule Kamande mwanafunzi wako, ambaye siku hizi ni daktari pale chuoni Juja na ana kitambi kukuzidi, ndiye aliyerithi chupa zako za mijusi. Watu wengine huachiwa mashamba.

Ameamua kuimaliza kazi uliyoiacha. Anataka kuandika kwamba mjusi wa kile kisiwa chako cha mawe katika Ziwa Viktoria alikuwa aina ya peke yake, si huyu mwenye kichwa chekundu anayepiga pushapu kwenye kila ukuta kutoka hapa hadi Thika. Amepima kila kitu. Mifupa ni ile ile. Magamba yanakaribiana mno. Jeni zimekataa kutoka kwa sababu ya dawa uliyowahifadhia. Kimebaki kitu kimoja tu, rangi ya koo la dume akiwa hai. Wewe ulisema miaka yote kwamba lilikuwa la buluu, na huku kwetu ni jekundu. Lakini mle chupani wote wamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kwenye daftari uliandika tu, "Koo: tazama picha." Nimezitazama, Mwaura. Zimezeeka zote zikawa nyekundu. Ziwa ni jekundu. Gauni langu la kijani ni jekundu.

Wenye jarida la sayansi litakaloichapisha wanasema neno lako peke yako halitoshi, kwa kuwa ulitamani sana iwe hivyo. Wanataka mtu wa pili aliyewaona kwa macho yake. Pale kisiwani tulikuwa wawili tu, mimi na wewe, na mimba ya Njeri.

"Mama, sitaki kukupressure," Kamande aliniambia alipokuja Jumapili. Alikaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako. "Lakini bila wewe hatuna kitu. Ukisema blue, tunasonga. Ukisema red, ni yule wa kawaida."

Halafu akaniambia jina alilomchagulia mjusi huyo. Jina lako.

Unajua hilo lilinifanya nini. Tulijaliwa Njeri peke yake, tukampa jina la mama yako kama inavyotakiwa. Njeri naye amezaa wasichana watatu. Wa kwanza amebeba jina la nyanya yao wa upande wa baba, wa pili langu, na sasa amesema amefunga duka. Hakuna Mwaura mdogo anayekimbia popote. Ulikuwa ukilifanyia mzaha jambo hili, ukisema wajukuu wetu wana mapaja ya wanasoka na mmoja wao angekubali tu kuitwa Mwaura. Ulicheka peke yako. Mimi nilikuwa nakuona ukimalizia kicheko dirishani.

Na ajabu ni kwamba huyo mjusi akikubaliwa, atazaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo. Hayupo tena. Wewe mwenyewe ulirudi kule ukakuta kisiwa kizima kimekuwa nyumba za mabati za wavuvi, na paka waliletwa kulinda omena, wale dagaa wa ziwani, dhidi ya panya. Paka hawachagui. Ulitafuta wiki nzima, ukarudi nyumbani, ukakaa kitandani ukiwa na viatu miguuni. Ukaniambia, "Mama Njeri, wameisha, na hakuna mtu anajua walikuwa nani." Sikuwa nimewahi kukuona ukilia kwa kitu kisicho cha ukoo.

Kisha ile hospitali ya Thika. Ulikuwa umeshaanza kuchanganya siku, ukiita muuguzi mama yako, lakini uliponishika mkono ulikuwa mzima kabisa. "Usikubali waseme ni wa kawaida." Hivyo tu. Sasa niambie, mtu anaachiwaje neno kama hilo?

Jana Njeri alinipigia. Nilimweleza, akasema, "Mum, si useme tu ni blue. Nani atajua? Ni ya Daddy." Sikumkaripia. Nilikuwa nimeshafikiria hivyo hivyo tangu Jumapili.

Nimejaribu, Baba Njeri. Nimejaribu mpaka kichwa kikauma. Natoka kwenda kumwangalia yule dume wa kwenye ukuta wa jirani, nafumba macho, nabadilisha koo lake kuwa la buluu, na linakubali. Nalibadilisha kuwa jekundu, nalo linakubali. Sijui tena ni kipi nilichokiona na ni kipi ulichonisimulia kwenye meza hii maisha yetu yote. Nimekuomba uje hata ndotoni. Nimemwomba Mungu jambo la kijinga, anionyeshe koo la mjusi. Sijapata kuhisi umekufa kama wiki hii.

Nimeacha kuandika nikampigia Kamande. Nilifikiri nitasema buluu. Neno lilikuwa mdomoni.

"Daktari," nikamwambia, "siku ile aliniita nije nione. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mwamba, ameshika ufito wenye kitanzi cha uzi wa kuvulia, mjusi yuko ndani ya kitanzi. Nilienda. Nilisimama karibu kabisa."

"Enhe, Mama. Na koo?"

"Sikuangalia koo. Nilikuwa namwangalia yeye."

Akasema kwa upole, "Sawa, Mama. Basi tutamweka na wa kawaida." Akanishukuru. Nilitamani anitukane.

Kwa hiyo nimekunyima jina, mimi niliyelala kando yako miaka yote hiyo. Wataandika kwamba hakuna kilichopotea kule, na mimi ndiye niliyewapa ruhusa. Nimekaa hapa na sina wa kumwambia ila wewe.

Lakini hawakuniuliza nilichokiona. Niliona pua yako imebabuka kwa jua. Kifungo cha pili cha shati kilikuwa hakipo. Ulikuwa umeuma ncha ya ulimi, ukageuza uso ukanitazama kama mtu aliyepewa dunia nzima. Hayo ningeyaapia mbele ya mahakama yoyote, na hakuna jarida linaloyataka.

Lala salama, mume wangu. Nikija, unionyeshe tena, na safari hii nitajitahidi kumtazama mjusi.

Mkeo,
Mama Njeri