Keki Kumi na Nne na Kishimo Kimoja

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ana maoni na hakuna mwenye msaada. Nina miaka sitini na mbili, naishi nje kidogo ya mji wa Tønder, kusini mwa Denmark, hedhi yangu ilikoma miaka kumi iliyopita nikajua habari za homoni nimeshazifunga, kwa hiyo barua za kuitwa kupigwa picha ya matiti zikija naona ni za wanawake ambao homoni bado zinawasumbua, na mwaka huu nimeahirisha mara mbili kwa sababu miadi iliangukia wiki ya meza ya kahawa, na huku kwetu ni keki saba laini na saba ngumu, mgeni akiruka hata moja mwenyeji anaumia, na mwenyeji lazima azionje zote kwanza. Sasa wifi yangu Bodil, mwembamba kama mpini wa ufagio, akaniambia mbele ya watu, mdomo umejaa krimu yangu, "Wifi, daktari wangu kasema mafuta ya mwilini yanatengeneza homoni yenyewe. Wewe hapo umebeba kiwanda." Nikamjibu, "Basi kula taratibu, unamaliza malighafi," wakacheka wote, lakini tangu siku hiyo sina raha. Mume wangu Asger anasema nimpuuze. Alhamisi ndiyo miadi ya tatu na Ijumaa nina wageni kumi na wawili, naona niisogeze tena, na pia titi la kushoto linafanya kishimo kwenye ngozi nikiinua mkono kuchukua bati la kuokea kwenye rafu ya juu, ila hakiumi. Je, niache kuoka, au nisimwalike Bodil?

Mwokaji

Mwokaji, kishimo umekipitisha kama mtu anayeficha biskuti iliyoungua chini ya nzima. Nimekiona, na ndicho cha kwanza. Miadi ya Alhamisi ni ya wanawake wasio na dalili. Wewe unayo, na kutouma hakukupi nafuu yoyote. Mpigie daktari wako leo, useme: "Ngozi ya titi langu la kushoto inabonyea nikiinua mkono." Keki usizitaje. Huenda si kitu, lakini wa kusema hivyo ni daktari, si Asger. Alhamisi usiifute mpaka yeye akuambie.

Bodil, kwa bahati mbaya, hakukosea. Hedhi ikikoma ovari hupumzika, lakini mafuta ya mwilini huendelea kutengeneza homoni ya estrojeni. Yakizidi, nayo huzidi, na saratani nyingi za matiti hukua kwa estrojeni. Hatari inapanda, hukumu haijatolewa. Wembamba nao si kinga, kwa hiyo muulize yeye alipigwa picha lini.

Kuoka usiache. Acha kuonja zote. Asger ana ulimi. Tembea kila siku, punguza kilo chache, punguza na pombe.

Kuhusu Ijumaa, nimehariri matangazo ya vifo ya gazeti hili miaka ishirini, na hakuna hata moja lililosema marehemu alipungukiwa na keki. Weka mezani zilizopo.

Na Bodil mwalike, ila kwanza akupeleke kwa daktari kwa gari lake, akae nje asubiri. Akianza maneno yake, mwambie anyamaze kidogo, kiwanda kinakaguliwa.