Ndoto Ambayo Sikuiota

Jumapili, Micheweni. Mvua imepiga asubuhi na kukatika. Nje matope, ndani mimi na simu yangu na fomu ya chuo ambayo bado sijaituma.

Swali linaloniwasha tangu wiki iliyopita: alama ni zilezile, mtu ni yuleyule, je, kozi nitakayoiweka chaguo la kwanza inaweza kunikosesha chuo?

Nilimuuliza Bwana Hamadi wa steshenari ya Tibirinzi, ambaye kila mwaka huwajazia watu fomu. Akacheka. Udaktari naruhusiwa kuomba, akasema, ila nafasi chache na wenye alama kunizidi wote wanakimbilia huko. Kwenye sayansi ya bahari, kwa alama hizo hizo, nitakuwa miongoni mwa wa mbele. Kumbe hupimwi peke yako, unapimwa na uliopanga nao foleni.

Tabu ni mama. Analima mwani, na majirani wote kawazoesha kuniita Dokta. Nilipomtajia bahari alinikodolea macho: "Mie nirowe maji ya bahari miaka yote hii, nawe ukasomee maji haya haya?"

Tukakubaliana niswali istikhara, nimuachie Mungu achague, jibu lije ndotoni. Jana nikaswali, nikalala. Sikuota hata paka.

Leo asubuhi mama kaja na chai. "Umeotani, mwanangu?"

Nikamwambia nimeota bahari.

Nimemsingizia Mungu ndoto kwa ajili ya fomu. Na madrasa tulifundishwa kabisa kuwa istikhara si lazima uote. Ningemwambia hivyo tu, yakaisha. Mama akasema, "Haya, itie hiyo kozi ya bahari. Mungu kashachagua." Akajifunga kanga akenda zake kwenye mwani. Nimeona aibu mpaka chai imenishinda.

Lakini kuna jambo la ajabu. Lile neno bahari liliponitoka, nilifurahi, na sikuwa nikiwaza nafasi wala foleni. Nilikumbuka kamba za mama za kufungia mwani, maji yakipata joto mwani unapauka na kukatika, na tangu mdogo namuuliza kwa nini, naye hajui. Wiki nzima nauliza kozi ipi itanipokea. Ninayoitaka sikujiuliza.

Akirudi nitamwambia sikuota kitu. Halafu nitamwambia habari ya mwani wake.

Na akisema niandike udaktari, nitaandika?