Kioo Nimekigeuza Ukutani

Mama Mapacha,

Maharage yapo jikoni. Waachie mapacha wayapashe, wewe usisogelee mvuke. Umesema ngozi iliyotobolewa visindano haitaki joto. Kofia yangu pana iko mlangoni. Usitoke juani bila hiyo.

Asubuhi nimekuta uso wako umeiva kama nyanya, nikanyoosha mkono nikupe pole. Ukaruka: "Baba Mapacha, usiniguse, nimekatazwa!" Na yule jamaa wa kliniki ya ngozi, aliyekushika kidevu saa nzima na kimashine chake cha visindano, yeye hakukatazwa? Mimi fundi makochi, sindano nimeishika tangu ujana, na hakuna kochi lililotoka kwangu likiwa limevimba.

Nikauliza, unajirembesha kwa ajili ya nani? Ukacheka: "Kwa ajili ya kioo." Nikaiacha chai mezani.

~~Leo nalala karakana.~~ Narudi kabla ya giza. Mlango msiufunge kwa komeo.

Kioo cha chumbani nimekigeuza, kinatazama ukuta. Ukitaka kujua umependeza kiasi gani, nisubiri nije nikwambie mimi. Sitagusa.

Baba Mapacha, mwenye wivu wake