Joto la Mashudu

Jumanne, 8 Julai

Baridi ya leo si ya mchezo. Upepo unapiga tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye chai. Alizeti ya Kongwa ni nzuri, mafuta yanatoka. Mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, tunayafunga kwenye viroba yakiwa bado yanafuka mvuke. Amri ya baba mdogo: eti yakipoa yanapungua uzito. Kinu ni chake. Mimi msimamizi tu, na mdomo wangu.

Mzee Ramadhani, mlinzi wetu, kaamka tena kichwa kinamuuma. Hulala ndani ya stoo, mgongo kwenye viroba, kwa sababu vina joto. Anatamba kwamba Mungu kampa godoro la moto bure, sisi wengine tugande. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Viroba vile vya katikati ni vya mwezi uliopita. Kwa nini bado vina joto?

Jumatano, 9 Julai

Nimechomeka nondo katikati ya rundo asubuhi, mchana nikaichomoa. Kiganja kimekataa kuishika. Mabati juu ya rundo yana matone kama mfuniko wa sufuria.

Kwenye mafunzo ya zimamoto walituambia moto unataka vitu vitatu: joto, kitu cha kuungua na hewa. Mashudu yanaungua vizuri sana, bado yana mafuta. Yakiwa na unyevu na yamebanwa, joto yanajitengenezea yenyewe. Kiberiti cha nini tena? Bado hewa tu.

Nimempigia baba mdogo, yuko kwake Area D. Shikamoo, marahaba, halafu kicheko. Eti nimeanza tena mambo yangu ya semina. Viroba visiguswe mpaka bei ya wafugaji ipande. Nimekasirika.

Alhamisi, 10 Julai

Mimi huondoka saa kumi na moja. Leo nimechelewa, ndipo Mzee akanieleza wanachofanya kila jioni. Baba mdogo anapita na gari, anafunga mlango mdogo wa stoo kwa kufuli, kwa nje, Mzee Ramadhani akiwa ndani. Funguo anaondoka nazo. Tangu tuibiwe viroba ndiyo mtindo. Mlango mkubwa wa mbele umezibwa na rundo lenyewe. Mzee anaona sawa tu, mwizi haingii. Nikamuuliza, na wewe utatokaje? Akaniangalia kama nimemuuliza atakufa lini.

Na kile kichwa si cha baridi. Ni kichwa cha mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani. Rundo linaungua ndani kwa ndani, polepole, bila moto wa kuonekana, na sumu yake anaivuta yeye usiku kucha.

Nikamwambia Mzee asilale humo tena. Akagoma: baridi, na bosi atasemaje? Nikamwambia, mzee wangu, nakuheshimu kama baba, ila ukiingia humo leo na mimi naingia.

"Astaghfirullah, mwanangu!" Akachukua blanketi lake akahamia chumba cha mizani, akinung'unika njia nzima.

Baba mdogo alinikuta mlangoni. Akauliza kama namfundisha kazi kwenye kinu chake. Nikamjibu ndiyo, baba mdogo. Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Akafunga stoo isiyo na mtu, akawasha gari bila kuaga. Anifukuze akitaka. Mzee harudi humo.

Ijumaa, 11 Julai

Moshi. Tumefika tu asubuhi, unapenya chini ya mabati, mwembamba, unanuka karanga zilizoungua. Nimewapigia zimamoto kwanza. Baba mdogo baadaye.

Akapiga kelele kwenye simu: vunjeni milango yote miwili, upepo upite, rundo lipoe! La hasha. Upepo huu wa Dodoma? Hiyo ni kupepea jiko. Nikakata simu. Vijana tayari walikuwa na nyundo. Nikasimama mbele ya mlango nikawaambia anayetaka kuuvunja aanze na mimi. Wakaniita mkorofi. Sawa. Hakuna kufungua, hakuna kuingia. Leteni mpira wa maji, mchanga, ondoeni magunia yote ya uani.

Zimamoto wameingia kwa mlango mdogo, mitungi ya hewa mgongoni, wakatoa kiroba kimoja kimoja huku maji yakimwagwa. Vya nje vizima kabisa. Vya katikati vyeusi kama mkaa. Kimoja kilipasuka uani, upepo ukakigusa, kikawaka mbele ya macho yetu, puu! Vijana wakaweka nyundo chini.

Nikaenda kuangalia pale penye mkeka wa Mzee. Viroba alivyokuwa akiegemea, kwa ndani vilikuwa majivu. Nikatoka nje nikakaa chini. Nililia, basi.

Jumamosi, 12 Julai

Kazi. Mashudu mapya yanatandazwa chini mpaka yapoe ndiyo yafungwe. Marundo madogo madogo, mbali na ukuta, mtu apite katikati. Nondo kila asubuhi. Kufuli la nje nimeliondoa, nimeweka komeo la ndani. Mtungi wa kuzimia moto umetoka nyuma ya madebe, uko ukutani. Wabebaji wanalalamika kwamba kutandaza kunachosha. Walalamike wakitandaza.

Mzee Ramadhani hana habari. Kanunua kofia ya sufu sokoni Majengo, anauliza kama inampendeza. Inampendeza kama bwana harusi. Kichwa hakimuumi.

Jumapili, 13 Julai

Kinu kimezimwa. Baba mdogo amekuja kwangu akitoka kanisani, bado na suti. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu yote tayari.

Akakaa, akavua miwani.

"Ningewaambia nini watoto wa Mzee kule Kondoa?"

Nimemmiminia chai. Ameinywa ikiwa imeshapoa, akaomba nyingine.