Sukuma, Mume Wangu, Toa Pumzi!

Jumatatu, 10 Julai 1995

...na wala simsifii kwa sababu ni mume wangu! Gervas ana mabega, jamani. Tangu harusi mwezi uliopita sijachoka kuyatazama.

Ila leo kanitisha. Alilala kwenye benchi uani, akanyanyua chuma chake — bomba lenye makopo mawili ya zege — huku amebana pumzi. Mishipa ya shingo ikasimama, macho yakamtoka. Alipoinuka akapepesuka mpaka kwenye kamba ya nguo! "Mwanaume anabana, Theo," ananiambia. Anabana nini? Mimi nimetupa tufe sekondari nzima! Tulifundishwa: vuta hewa unaposhusha, toa unaposukuma. Mabega yasipande, tumbo ndilo lijae. Nitamfundisha. Ndani lakini, maana anaona aibu kufundishwa na mke.

Jumatano, 12 Julai

Somo tamu! Mlango tumefunga, mkono wangu juu ya tumbo lake. "Vuta... tumbo lijae... sasa sukuma! Sukuma! Toa pumzi!" Naye: "Mmmh-haaaa!" — sauti nyembamba ajabu kwa mtu mkubwa vile. Kanyanyua kuliko siku zote, wala hakupepesuka. Nikapiga kigelegele! Akanibusu kwenye pua.

Ijumaa, 14 Julai

Majirani wa hapa Mpanda wana upendo! Jana Mama Makarius wa chumba cha pili kaniletea uji wa ulezi, eti nisisimame sana. Leo bombani wamenikatalia kubeba ndoo. Nikajua ndiyo heshima ya bibi harusi.

Jioni Mama Makarius akapiga hodi.

"Mtoto ananyonya vizuri?"

"Mtoto gani?"

"Mwanangu, usinifiche. Ukuta huu ni udongo tu. Nimesikia sukuma, nimesikia ulivyolia, nimesikia kigelegele. Ndiyo maana gauni la harusi lilikuwa pana! Ila mkunga wako ana sauti, kama polisi."

Mkunga ni mimi! Aliyelia ni Gervas!

Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikashindwa hata kumweleza. Ndipo akasema jana alimtuma Gaspar wa lori akampe hongera mama mkwe kule Sibwesa. Kicheko kikanikauka. Mama mkwe! Aliyesema wazi kwamba wasichana wa sekondari huingia kanisani na mimba chini ya shela. Na mimi na Gervas tumejuana Pasaka ya mwaka huu tu. Akipiga hesabu ya miezi, nimekwisha!

Nimemwomba Gervas aende akamweleze ukweli. Kakataa. "Nimwambie mama kwamba aliyelia vile ni mimi? Wewe!" Nimemnunia. Ananuniwa vizuri, uso unakuwa kama wa mtoto. Nimemsamehe kabla ya chakula.

Jumapili, 16 Julai

Gaspar kasimamisha lori mbele ya kanisa tulipotoka misa. Nikajibanza nyuma ya Gervas — ndiyo faida ya mabega. Eti mama mkwe aliposikia alihesabu vidole. Akahesabu tena. Kisha akachinja mbuzi, kijiji kikala!

"Shemeji," Gaspar akaniambia, "kasema habari ya miezi mtaongea naye wawili tu, jikoni."

Nikamfinya Gervas ubavuni. "Gaspar," akaanza, "unajua, ile sauti..." Mama Makarius kageuka kusikiliza. Gervas akakohoa. "...ile sauti ya lori lako si nzuri."

Gaspar akawasha lori, akatoa kichwa dirishani, watu wote wanasikia: "Na kasema anakuja kabla ya mwezi kwisha! Msimpe mtoto jina mpaka afike!"